Kugundua Nchi Yenye Wenyewe

Kugundua ni neno lenye majivuno. Aghalabu hutamkwa na mgeni, na wenyeji wakalisikia kwa mshangao, maana kile alichokigundua wamekuwa wakikivua samaki tangu enzi za babu zao. Tarehe 3 Agosti 1858 John Hanning Speke aliliona ziwa karibu na Mwanza, akalipa jina la malkia wake. Walakini habari za ziwa hilo alikuwa amezipata Kazeh, palipo Tabora ya leo, kwa mfanyabiashara Mwarabu aliyeitwa Snay bin Amir. Aliambiwa, akaongozwa, akafika. Kisha ikasemwa amegundua.

Hunijia fikira hiyo kila nitazamapo michezo ya kompyuta ambayo ndani yake mchezaji huvaa nafsi ya mhusika, akazunguka apendavyo katika nchi pana ya kubuniwa. Katika Skyrim, mchezo uliotolewa mwaka 2011 na Bethesda Game Studios ya Marekani, mchezaji akiukaribia mji mara ya kwanza, maandishi hutokea kwenye kioo kumpasha kwamba mji umegunduliwa. Mji wenyewe una kuta, soko, walinzi na watoto wakimbizanao njiani. Nani, basi, aliyekuwa hajaugundua?

Yamkini msomaji atajibu kwamba hapana aliyedhulumiwa. Watu wale ni hesabu za mashine. Hawana ziwa la kunyang'anywa wala jina la kusahauliwa. Ni kweli, nami sibishani nayo. Lakini yuko mtu mmoja wa kweli katika nchi ile, naye ni mchezaji. Akikaa humo saa mia moja, anajizoeza kuwa mgeni wa namna gani?

Upana wa nchi hausaidii kulijibu swali hili. Daggerfall, mchezo wa mwaka 1996, ulikuwa na nchi ambayo watengenezaji wake waliilinganisha na Uingereza kwa ukubwa, na miji na vijiji kwa maelfu. Ulipofuata Morrowind, mwaka 2002, nchi ilipunguzwa ikawa kisiwa kidogo ambacho mtu huweza kukivuka kwa miguu. Hata hivyo ni katika kisiwa hicho kidogo kwamba mgeni aliwekwa mahali pake.

Katika Morrowind hakuna mshale wa kumwonyesha mtu aendako. Mapema katika mchezo, msomi mmoja wa mji wa Balmora, jina lake Hasphat Antabolis, humtuma mchezaji kuleta kijisanduku kutoka katika magofu ya Arkngthand. Humwambia njia kwa maneno tu, kama aelekezwavyo msafiri popote: pita ngome, tafuta daraja la kale, vuka. Mchezaji husikiliza, husahau, hurudi kusoma shajara yake, hukosea bonde, hukuta mvua ya majivu. Akifika, mlango hauonekani mpaka azungushe mkono wa bomba lililo kando ya mwamba. Njiani wenyeji humwita mgeni, na wengine hulitamka neno hilo kwa dharau iliyo wazi. Hapati taabu hiyo bure. Kuuliza ni kukiri kwamba nchi ina wenyewe, na kwamba wao wanajua usilolijua. Naye aliyeelekezwa hufika akiwa na deni.

Mwaka 2006 kampuni ile ile ikatoa Oblivion. Dira ikatiwa alama iendayo moja kwa moja mpaka kwenye kitu kitafutwacho, na miji mikubwa ikawa yafikiwa kwa kufumba na kufumbua tangu mwanzo. Mwenyeji akabaki na kauli ya kumtuma mchezaji, asiwe tena na elimu ya kumpa. Wengi walishukuru, na sioni haki ya kuwacheka. Mtu atokaye kazini jioni, mwenye saa moja kabla ya kulala, hapendi kuitumia akizunguka mlima uleule. Tena maelekezo ya Morrowind mara nyingine ni mabovu kabisa. (Na isisahauliwe kwamba hata Morrowind, kwa unyenyekevu wake wote, mwisho humfanya mgeni kuwa ndiye aliyetabiriwa.)

Ila kuna mtu atakayesema: Speke naye aliuliza. Hapo ndipo shina la jambo. Kuuliza peke yake hakumfanyi mtu mwungwana. Aliyeuliza aweza kufuta jina la aliyemjibu mara tu afikapo. Sharti deni litunzwe. Kwa sababu hiyo naithamini shajara ya Morrowind kuliko milima yake. Humo huandikwa kwamba kijisanduku kinatakiwa na Hasphat Antabolis, na habari hizo hazifutiki baada ya safari.

Assassin's Creed Odyssey, wa mwaka 2018, ambao nchi yake ni Ugiriki ya kale, humtaka mchezaji achague mwanzoni: ama aongozwe na alama, ama asikilize watu na kutafuta mwenyewe kwa vidokezo, mathalani kwamba mahali pako kusini ya mji fulani. Nchi ni ileile katika njia zote mbili, milima ileile na bahari ileile. Wanafunzi wangu wanaoucheza nimewauliza wanachagua ipi. Wengi huchagua alama, na hunieleza sababu zao kwa adabu na kwa ufasaha. Wachache husikiliza, na hao ndio wanaoweza kunisimulia walipotea wapi na nani aliwaelekeza.