Maji Yanatoka Wapi?

Jumamosi iliyopita, baada ya mvua ya usiku kucha, niliwakuta wazee wawili wa kanisa wamesimama kando ya shimo, kimya, kama watu waliowahi kufika msibani. Shimo lenyewe nalifahamu. Liko kwenye njia yetu ya lami inayotoka getini hadi mlango wa kanisa, hatua chache kabla ya ngazi, na kila masika hujaa maji yenye rangi ya chai ya maziwa. Mwaka juzi tuliliziba. Mwaka jana tuliliziba tena, na nakumbuka nilitangaza kwa furaha madhabahuni kwamba njia yetu imepona.

"Tuzibe tu kabla ya sikukuu ya Mavuno, wageni wasituone hivi," alisema mmoja.

Mwenzake alinitazama mimi. Juma moja kabla, mama mmoja mzee wa usharika alijikwaa pale, fimbo ikaenda kulia, yeye kushoto, vijana wa kwaya wakamdaka. Hakuumia. Lakini tangu siku ile kila anayepita pale hushusha macho, hata asiyekuwepo.

Tukamwita fundi. Ni mzee aliyeanza kumwaga kokoto kwenye kambi za ujenzi wa barabara angali kijana, na sasa anaishi kwa kazi ndogo ndogo za mitaa. Nilitazamia aje na futi kamba na bei. Alikuja na kipande cha nondo. Akaamkiwa, akaitikia, kisha akaanza kutembea juu ya lami polepole, kichwa kimeinama, bila kusema neno mpaka tulipoanza kuona haya kumfuata.

Karibu na geti alisimama juu ya ufa mrefu mwembamba. Akatueleza kwamba hiki tunachokiita lami kwa kweli karibu chote ni mawe. Katika kilo 100, kilo kama 95 ni kokoto na mchanga. Zile 5 tu ndizo lami yenyewe, gundi nyeusi inayoyashika mawe yasiachane. Jua na hewa huikausha gundi hiyo mwaka hadi mwaka. Weusi unageuka kijivu, ulaini unakwisha, na njia iliyokuwa ikinyumbulika chini ya magurudumu inaanza kupasuka.

"Hapa ni uzee tu," alisema. "Uzee si ugonjwa. Safisha ufa, uzibe kabla maji hayajaingia, njia itawabeba bado."

Je, hukufarijika kusikia hivyo, mpendwa? Mimi nilifarijika. Wako watu wanaoona ufa mmoja katika ndoa yao, au katika sala zao, wakadhani kila kitu kimekwisha. Ulizoea kuomba saa nzima, siku hizi unaomba dakika tano ukiwa umechoka. Wewe na mwenzako mlizoea kucheka mpaka usiku, siku hizi mnaulizana ada ya shule na kuzima taa. Huo ni ukavu wa miaka mingi juani. Unahitaji mkono unaorudi mara kwa mara kusafisha na kuziba, na sidhani Mungu anaudharau mkono huo.

Lakini tuliposhuka kuelekea kanisani, nyufa zilibadilika. Hazikuwa tena mstari mmoja. Zilikuwa zimeshikana kama wavu, vipande vidogo vidogo vyenye pembe, na fundi akasema wenye kazi huuita mpasuko wa namna hiyo ngozi ya mamba. Viraka vyetu vya miaka yote vilikuwa pale katikati, vingine vizima kabisa, vimezungukwa na mashimo mapya pembezoni mwake. Akaisimamisha nondo kwenye ufa, akaegemea kidogo. Ikazama. Alipoichomoa, ncha yake ilikuwa na tope.

"Baba Mchungaji," alisema, "hii lami msiilaumu. Imelala juu ya uji."

Tulicheka. Kisha hatukucheka tena, maana sote tulielewa kwamba kwa miaka kadhaa tumekuwa tukimvika shati jipya mtu mwenye homa.

Mzee wa kwanza, ambaye ndiye anayetunza daftari la fedha na kwa hiyo namwelewa, akauliza kama hatuwezi kumwaga tabaka jipya juu ya lile la zamani. Ni nafuu kuliko kufukua, na wageni wangekuta njia nyeusi inayong'aa. Fundi akatikisa kichwa. Ufa hupanda, alisema. Chini kukiwa kunacheza, lami mpya itapasuka mahali palepale ilipopasuka ya kwanza, na mtakuwa mmelipa mara mbili. Nikamkumbuka nabii Ezekieli, katika ile sura ya 13, na ukuta dhaifu ambao watu waliupaka chokaa ukapendeza, mpaka mvua ilipokuja kuuliza habari za msingi.

Ndipo fundi akafanya jambo ambalo hakuna aliyemwomba. Aliuliza maji yanatoka wapi, akaacha lami, akaanza kufuata unyevu. Akapita ukingo wa maua, akazunguka pembe ya ukumbi, akasimama chini ya tanki letu la maji ya mvua, lile la lita 5,000 tuliloliweka miaka michache iliyopita. Bomba la kumwagia maji yanayozidi lilikuwa limeelekezwa chini, ukutani, nasi hatukuwahi kulitazama. Kila tanki lilipojaa, maji yalishuka pale, yakapita chini ya maua, yakaenda kulala chini ya njia yetu.

Mpendwa, tanki lile nililiweka wakfu mimi. Niliinua mikono nikamshukuru Mungu kwa maji yake, na shukrani ile ilikuwa ya kweli. Hakuna aliyefanya ubaya. Neema ya upande mmoja wa uwanja ilikuwa ikibomoa upande wa pili, polepole, bila kelele, kila masika.

Nilirudi nyumbani nikiwa na swali la yule fundi kichwani: maji yanatoka wapi? Na huko nyumbani swali hilo lilikuwa limekwisha kuulizwa. Mke wangu aliniuliza mwaka jana, nami sikulisikia. Kwa muda mrefu nimekuwa mtu wa kurudi usiku. Kuna mgonjwa, kuna kikao, kuna familia inayogombea shamba. Nikifika husema samahani, naye hunipa chakula kilichofunikwa, na samahani yangu huipokea. Usiku mmoja alisema, kwa upole kabisa, huku akikunja kitambaa cha meza: "Baba Neema, samahani zako zote nimezipokea. Ninachotaka kujua ni zinakotoka."

Niliona kama ananilaumu. Sasa nadhani alikuwa ameshika nondo mkononi.

Petro alipomuuliza Bwana kama kusamehe mara 7 kunatosha, alijibiwa kwa hesabu ambayo hakuna mtu atakayeweza kuitunza kwenye daftari, ile ya saba mara sabini. Mimi nimeihubiri mara nyingi, na karibu kila mara nimeihubiri kwa aliyekosewa. Sikukaa kujiuliza inamdai nini aliyekosa. Mke wangu ameshika upande wake wa neno hilo kwa uaminifu wa kila siku. Sahani iliyofunikwa ni ushahidi. Kwa upande wangu nimekuwa nikiutumia msamaha wake kama kokoto za kujazia shimo, halafu naondoka. Msamaha ulikuwa kazi yake, naye aliifanya. Kuchimba mtaro ilikuwa kazi yangu.

Je, liko jambo ambalo umeliombea msamaha mara nyingi kiasi kwamba maneno yenyewe yamechakaa mdomoni? Usikimbilie kujihukumu. Tembea kwanza, kama yule fundi, ufuate unyevu. Hasira unayowamwagia watoto jioni huenda imeanzia kazini asubuhi. Ukimya kati yako na dada yako huenda umeanzia siku ya mazishi ya baba, kwenye neno moja la urithi ambalo kila mmoja anadhani mwenzake amelisahau. Mara nyingi chanzo kiko mbali na shimo, na wakati mwingine kiko kwenye kitu tunachokipenda na kujivunia.

Niseme hapa jambo moja kwa uwazi, maana wanaosoma barua hizi ni wengi na nyumba zinatofautiana. Kama nyumbani kwako unapigwa, sikuambii ubaki ukitafuta chanzo. Toka kwanza, ukae mahali salama, umwambie mtu unayemwamini. Kuchunguza msingi kutafuata, na si wewe utakayebeba sururu peke yako.

Kwa wengine wetu, katika Luka 13 kuna mtini uliokaa miaka 3 bila matunda, na mwenye shamba akataka ukatwe. Mtunza shamba akauombea mwaka mmoja zaidi. Napenda kwamba hakuomba mwaka wa kungoja tu. Aliomba nafasi ya kuchimba kuuzunguka na kuutia mbolea. Kuchimba huko huchafua mikono na kuacha udongo nje, na kwa majuma kadhaa shamba huonekana baya kuliko awali. Tunaogopa hatua hiyo. Kiraka hufunika siku ileile, na jioni wageni wanaweza kupita. Anayefukua hufunga njia.

Fundi alitoa chaki mfukoni akachora mstari kukata njia. Upande wa geti, alisema, zibeni nyufa, basi. Upande wa kanisa uharibifu umepita nusu ya eneo, na hapo viraka ni kutupa fedha: ondoeni yote, toeni tope mpaka mfikie udongo mgumu, jazeni moramu kwa matabaka na kila tabaka lishindiliwe, kokoto zifuate, lami iwe ya mwisho. Upana wa njia uinamie mtaroni, sentimita 2 hivi kwa kila mita, maji yasipate pa kukaa. Hayo yatangoja kiangazi. Ila bomba la tanki, alisema akilitazama, hilo geuzeni leo.

Tuligeuza. Ilichukua nusu saa na kiungo kimoja cha bomba.

Nikamuuliza lami ya zamani tutaitupa wapi, maana ni mzigo mkubwa. Alinishangaa. Alisema haitupwi, huvunjwavunjwa, ikashindiliwa chini pamoja na kifusi, na inashika vizuri kwa sababu bado ina gundi yake. Kwa hiyo miaka yetu yote ya kupita pale, maharusi na majeneza na watoto wa ubatizo, itabaki njiani, chini.

Juma hili nimewaomba wazee wahamishe kikao cha Jumatatu kije mchana, na zile kesi mbili za shamba amezichukua mwinjilisti, ambaye kwa kweli anazijua kuliko mimi. Jumatatu nilifika nyumbani saa kumi na mbili jioni, jua bado liko kwenye migomba. Mke wangu alikuwa anachambua mchele barazani. Alinitazama, akageuka kutazama saa ya ukutani kupitia mlangoni, akanitazama tena.

"Neema," aliita, "hebu angalia hii saa, nadhani betri imekwisha."