Haki ya Wafu Mbele ya Macho ya Mtalii

Swali la kama wafu wana haki yoyote juu ya walio hai ni la kale katika falsafa na katika dini, lakini ni nadra kuulizwa pale ambapo lingestahili kuulizwa kila siku, yaani kwenye lango la kivutio cha utalii, mgeni anapokata tiketi ili aingie kutazama nyumba, kaburi au gofu la watu ambao hawezi kuwaomba ruhusa. Jamaica, kisiwa cha Karibi chenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 11,000, kinafaa kuliko nchi nyingi kwa uchunguzi wa swali hilo, kwa kuwa mwaka 2019 kilipokea wageni zaidi ya milioni 4, wakihesabiwa pamoja na wanaoshuka kwa saa chache kutoka kwenye meli za kitalii, na kwa kuwa mengi ya majengo ya kale wanayooneshwa wageni hao yalijengwa kwa jasho la watumwa.

Maumbile yenyewe hayaleti ugumu mkubwa. Maporomoko ya Dunn's River, karibu na mji wa Ocho Rios, ambayo wageni huyapanda kwa mstari mrefu wakiwa wameshikana mikono huku maji yakiwapiga magotini, hayamdhulumu mtu yeyote kwa kutazamwa, na anayeyafurahia hana deni kwa wafu. Hata hivyo, Mtakatifu Augustino wa Hippo, katika kitabu cha 10 cha Maungamo, aliwasikitikia hata watu wa namna hii, wanaokwenda mbali kustaajabia milima, mawimbi ya bahari na mwendo wa nyota, ilhali nafsi zao wenyewe wamezisahau. Katika kitabu hichohicho aliihesabu tamaa ya macho miongoni mwa majaribu makuu ya binadamu, akimaanisha hamu ya kuona kwa ajili ya kuona tu, na mfano aliouchagua ni wa kutisha: watu hukimbilia kutazama maiti iliyoraruliwa ingawa wanajua kwamba watarudi wamesawajika. Augustino aliielewa mapema sehemu moja ya utalii wa leo, ile inayouza hofu kama burudani.

Qurani, kwa upande wake, haimkatazi msafiri kutazama; inamwamuru. Mara kadhaa inawataka watu watembee katika ardhi na kuangalia ulikuwaje mwisho wa waliowatangulia, kwa maana kwamba magofu ni ibra, yaani jambo linalomfanya mwenye akili apite kutoka kile anachokiona hadi kile kinachomhusu yeye mwenyewe. Fasihi ya Kiswahili imeurithi mtazamo huo, na utenzi wa Al-Inkishafi wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir ni ushahidi wake mkubwa, kwani mshairi anayatazama majumba ya Pate yaliyobomoka, ambamo zamani waliishi matajiri, na kuyafanya yawe hoja ya kuionya nafsi yake isiamini dunia. Kwa hiyo mapokeo haya mawili yanakubaliana zaidi kuliko inavyodhaniwa: tatizo haliko machoni, liko katika kile ambacho mtazamaji anakifanya na alichokiona, na pia, jambo ambalo Augustino hakulijadili sana, katika kile anachooneshwa na anachofichwa.

Ibra nayo yaweza kupotoshwa, na Port Royal ni mfano. Mji huo, uliojengwa kwenye ncha ya rasi ya mchanga mkabala na Kingston ya leo, ulikuwa bandari tajiri ya Waingereza na maskani ya maharamia, hadi tetemeko la ardhi la tarehe 7 Juni 1692 lilipozamisha takriban theluthi mbili zake baharini na kuua watu wapatao 2,000. Wahubiri wa zama zile walilisoma tukio hilo kuwa adhabu ya Mungu kwa mji wa ulevi na uzinzi, na masimulizi ya kitalii yanaendelea kulisema hivyo kwa furaha. Katika ua wa kanisa la Mtakatifu Petro lipo kaburi la Lewis Galdy, mfanyabiashara mzaliwa wa Montpellier nchini Ufaransa, ambaye maandishi ya jiwe lake yanaeleza kwamba alimezwa na ardhi siku ile, kisha kwa majaliwa ya Mungu mtikiso mwingine ukamtupa baharini, akaogelea mpaka mashua ilipomwokoa; akaishi tena miaka mingi, hadi 1739. Wageni hulipenda jiwe hili, na ni haki yao kulipenda, kwa maana kisa chake ni cha ajabu. Lakini jiwe halisemi kwamba baada ya kuokolewa Galdy alitajirika akiwa wakala wa biashara ya watumwa. Anayelisoma jiwe peke yake huondoka na Mungu anayeokoa watu kwa muujiza. Anayeujua wasifu wote hulazimika kujiuliza ni majaliwa ya namna gani yanayomtoa mtu mmoja kilindini ili aje kuwauza mamia ya wengine waliovushwa bahari hiyohiyo. Swali la pili ni zito zaidi na lina manufaa zaidi kwa imani, na ndilo lililoachwa nje ya jiwe.

Mahali ambapo suala lote linaonekana kwa uwazi kuliko kwingine ni Rose Hall, mashariki ya Montego Bay. Hili ni jumba kuu la shamba la miwa, yaani makazi ya mmiliki yaliyojengwa juu ya kilima ili yaone shamba na yaonekane na wafanyao kazi humo. Lilijengwa katika miaka ya 1770, likawa gofu, kisha likakarabatiwa katika miaka ya 1960 na mfanyabiashara wa Kimarekani, John Rollins, aliyelirudishia sakafu za mbao za thamani, samani za kale na kuta zilizofunikwa kwa hariri. Umaarufu wake, hata hivyo, hautokani na mbao wala hariri. Unatokana na Annie Palmer, bibi wa nyumba anayesimuliwa kuwa alijifunza uchawi huko Haiti, akawaua waume watatu, akawafanya watumwa kuwa wapenzi na kuwaua pia, mpaka alipouawa yeye mwenyewe wakati wa maasi ya 1831. Ziara za usiku zinaongozwa kwa mwanga hafifu, waigizaji wakitokea gizani. Uani lipo kaburi la zege linalosemekana kuwa lake, lenye alama za msalaba ubavuni za kuuzuia mzimu usitoke. Na vyumba vya chini, ambavyo masimulizi ya ziara yanaviita gereza la watumwa, vimekuwa na baa inayouza vinywaji vya ramu.

Kisa hicho kilienea hasa kutokana na riwaya ya mwandishi wa Jamaica, H. G. de Lisser, iliyochapishwa mwaka 1929, na watafiti waliozichunguza kumbukumbu za shamba hawakumkuta mchawi huyo. Annie Palmer aliyeishi kweli aliolewa na mume mmoja mwaka 1820, akafiwa naye, akaondoka shambani, na akafa mwaka 1846, miaka kadhaa baada ya utumwa kukomeshwa. Maasi ambayo ngano inayatumia kama pambo la kifo chake yalikuwa tukio halisi, nalo liliongozwa na Samuel Sharpe, shemasi wa kanisa la Kibaptisti na mtumwa, aliyefikia uamuzi kwa kusoma Biblia kwamba hakuna mwanadamu mwenye haki ya kummiliki mwenzake. Alinyongwa Montego Bay tarehe 23 Mei 1832, na uwanja wa katikati ya mji huo sasa una jina lake. Kwa hiyo mgeni anaweza kuona mahali aliponyongwa mtu wa kweli na nyumba ya mzimu wa kubuni katika siku moja, akakumbuka mzimu tu.

Yapo maelezo ya kuitetea ngano, na yanastahili kusikilizwa. Husemwa kwamba hadithi ya bibi katili angalau inakiri kuwapo kwa ukatili, na kwamba waongoza watalii, ambao wengi wao ni wazao wa watumwa, wanapata riziki kwayo. Hoja ya riziki ni ya haki, lakini hailazimishi uongo, kwa kuwa ukweli nao unaweza kusimuliwa kwa ustadi na kulipiwa. Hoja ya kwanza ndiyo dhaifu zaidi. Ngano inaufanya ukatili kuwa uchawi wa mwanamke mmoja mwenye wazimu, ilhali ukatili wa shamba la miwa ulikuwa wa kisheria, wa kila siku na wa kihesabu, ukitendwa na watu waliohudhuria ibada na kulipa madeni yao kwa wakati. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1833 ilipoukomesha utumwa, ilitenga pauni milioni 20 za fidia kwa wamiliki, na waliokuwa watumwa hawakulipwa chochote. Wengi wao walilazimishwa kuendelea kufanya kazi chini ya mfumo ulioitwa wa uanagenzi hadi tarehe 1 Agosti 1838. Uovu wa namna hiyo hauhitaji mchawi, na anayemtafuta mchawi huwaachia huru wote waliobaki.

Linabaki swali la msingi: ikiwa wafu hawajui kinachosemwa juu yao, wanadhulumiwaje? Epikuro alifundisha kwamba kifo si kitu kwetu, kwani penye kifo sisi hatupo, na kwa mantiki hiyo hakuna anayeumizwa na baa ya gerezani. Aristotle, katika kitabu cha kwanza cha Maadili ya Nikomako, hakuridhika na jibu jepesi hivyo, akakiri kwamba mambo ya walio hai yanaonekana kuwagusa wafu kwa kiasi fulani, ijapokuwa kidogo. Kant alikwenda mbali zaidi katika Metafizikia ya Maadili ya mwaka 1797, akadai kwamba jina jema ni mali ya mtu isiyokoma kwa kifo chake, na kwamba aliye hai anaweza kuitetea mali hiyo kwa niaba ya marehemu. Mwanafalsafa Mkenya John Mbiti, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, alieleza kundi la wafu walio hai, yaani marehemu ambao bado wanakumbukwa kwa majina na watu waliowajua, na ambao huzama katika zamani ya mbali pale mtu wa mwisho anayewakumbuka anapofariki. Kwa kipimo cha Mbiti, mtumwa aliyeuzwa mbali na jamaa zake aliharakishwa kuingia katika usahaulifu huo hata kabla hajafa. Kumrudishia jina hakumfufui, bali kunatengua sehemu ya dhuluma ambayo ilikusudiwa iwe kamili, na hiyo inatosha kuufanya uwe wajibu.

Wajibu huo una upande wa pili, ambao ni wa kutotazama. Huko Accompong, katika nchi ya vilima vya chokaa iitwayo Cockpit Country, wanaishi Wamaroon, wazao wa watumwa waliotoroka na kuunda jamii huru zilizowashinda Waingereza vitani hadi wakapewa mkataba mwaka 1739, chini ya kiongozi wao Cudjoe. Kila tarehe 6 Januari wageni hukaribishwa kwa ngoma na chakula, lakini nyama ya nguruwe isiyotiwa chumvi hupikwa kwa ajili ya wahenga, na matambiko ya makaburini yana sehemu ambazo mgeni hafiki. Jamii hiyo haina historia isiyo na doa, kwa kuwa mkataba wao uliwataka wawarudishe watumwa wengine waliotoroka. Katika suala la utalii, hata hivyo, wamefanya jambo ambalo Rose Hall haijalifanya: wafu wao wana mlinzi anayeamua jicho la mgeni liishie wapi.

Wasomaji wa Kiswahili wana sababu yao ya kulifikiria jambo hili, kwa maana Zanzibar nayo huwashusha wageni katika vyumba vya chini karibu na kanisa kuu la Kianglikana, lililojengwa baada ya soko la watumwa kufungwa mwaka 1873, na kuvieleza kuwa vilifungiwa watumwa, ingawa wanahistoria wametilia shaka kwamba vyumba hivyo vilikuwapo soko lilipokuwa hai. Soko lilikuwapo, na waliouzwa hapo walikuwapo. Hawahitaji kusaidiwa kwa ushahidi wenye mashaka, ambao siku moja utatumiwa na wanaotaka kukana yote.

Kuhusu Jamaica, ushahidi usio na mashaka upo. Tangu mwaka 1817 wamiliki walitakiwa na sheria kuwasilisha orodha za watumwa wao, zikahuishwa kila baada ya miaka mitatu hadi 1832. Kila mstari una jina la mtu, umri wake, rangi, kama alizaliwa Afrika au kisiwani, na mara nyingi jina la mama yake. Daftari hizo zimehifadhiwa katika hifadhi ya nyaraka za taifa ya Uingereza. Atakayebahatika kulizuru jumba lolote kuu la mashamba ya Jamaica na amuulize anayemwongoza, kwa heshima na bila kumfedhehesha, majina ya waliofanya kazi pale, na akijibiwa kwamba hayajulikani, amweleze kuwa yameandikwa.