Sifa za Jana na Haki ya Vijana

Je, ni haki kumpima kijana kwa kipimo cha babu yake? Swali hili lawahusu sana wapenzi wa kriketi wa nchi za Karibiani, ambao huililia timu yao ya West Indies kama watu waliofiwa.

Kilio chao si cha bure. Timu hiyo ilitwaa Kombe la Dunia mwaka 1975, na tena mwaka 1979. Tangu katikati ya mwaka 1980 hata mwaka 1995, haikushindwa na nchi yo yote katika mfululizo wa michezo ya Test, ile ichezwayo kwa siku 5. Mwaka 1984 iliwaendea Waingereza kwao, ikawashinda michezo yote 5. Kwa watu ambao wengi wao ni wajukuu wa watumwa, kuwashinda waliokuwa watawala wao, tena katika mchezo uliotoka kwao, lilikuwa jambo la heshima kubwa.

Baadaye mambo yaligeuka. Mwaka 2023 timu ilikosa nafasi katika Kombe lile lile la Dunia, kwa mara ya kwanza. Julai 2025, mjini Kingston, Australia iliwatoa wachezaji wote kwa mikimbio 27 tu. Basi hulaumiwa vijana: hawana moyo, wanapenda fedha, wanakimbilia ligi za ugenini.

Hapo sisi twasita. Mwaka 1977 mashujaa wale wale, Clive Lloyd, Viv Richards na Michael Holding wakiwamo, walitia sahihi mkataba na tajiri wa Australia, Kerry Packer, aliyewalipa vizuri kuliko viongozi wa mchezo. Mwaka uliofuata Lloyd aliacha unahodha kwa ajili ya ugomvi huo. Hatusemi kwamba walikosa. Afanyaye kazi ana haki ya kulipwa. Lakini kama fedha haikuwa aibu kwa baba, yawaje aibu kwa mwana?

Tena ushindi ule haukuja bure. Katika msimu wa 1975-76 timu ilikwenda Australia ikashindwa michezo 5 kati ya 6, mbele ya warushaji wenye kasi ya kutisha. Lloyd alijifunza, akajenga timu yake juu ya warushaji wa namna hiyo. Kwa Packer walipata mwalimu wa viungo, Dennis Waight, aliyewakaza kwa mazoezi makali. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mzee asimuliaye ushindi na kuficha kuinama kwake huwaonyesha vijana taji, asiwaonyeshe njia.

Kukumbuka ni wajibu, maana asiyekumbuka hana shukrani. Lakini kumbukumbu nusu huwadhulumu wote wawili: wazee hunyimwa sifa ya jasho lao, na vijana hunyimwa mafundisho.

Januari 2024, mjini Brisbane, Shamar Joseph, kijana wa kijiji cha Baracara nchini Guyana, alirusha mpira akiwa ameumia kidole cha mguu, akatoa wapigaji 7. West Indies ilishinda kwa mikimbio 8, ushindi wake wa kwanza wa Test katika Australia tangu mwaka 1997. Brian Lara, bingwa wa zamani, alikuwapo akitangaza mchezo, akatokwa na machozi. Hakumwuliza kijana yule kama alikuwa sawa na wakubwa waliomtangulia. Alimfurahia. Wazee wote na wafanye vivyo hivyo.