Tusiishie Mstari wa Sita



Hapa kambini Zaburi ya 137 inajulikana sana. Sisi tuliotoka Uvira, Fizi na Minembwe tunaipenda kwa sababu ni habari yetu: watu wamekaa kando ya mito ya ugenini, wanalia wakikumbuka kwao, na vinubi vyao wamevitundika mitini. Huku Muyinga tunaiimba, na ndugu zetu walioko Gitega wanaiimba pia. Lakini karibu siku zote tunaishia mstari wa sita. Zaburi hiyo ina mistari tisa.

Juzi, katika maombi ya jioni ya familia moja, mtoto aliyepewa kusoma aliendelea mpaka mwisho. Wakubwa tukanyamaza. Maana mwisho wake ni mtu aliyeumizwa, anayemwita heri yule atakayewaua watoto wachanga wa adui. Mtoto akauliza, "Na haya nayo ni Neno la Mungu?" Hatukuwa na jibu la haraka.

Je, tuiruke mistari hiyo, au tuisome?

Wako wanaosema tuiruke. Tunawaelewa. Hapa kila nyumba ina jeraha lake, na maneno hayo yanaweza kuwa petroli kwenye moto. Lakini tukiyaruka, chuki haiondoki. Inabaki moyoni, mahali ambapo Neno halijafika. Ni kama kumwonyesha daktari mkono mzima na kuuficha wenye kidonda. Mtu anaweza kujua mistari mia kwa moyo, na bado asiwe amemwambia Mungu ukweli hata siku moja.

Wako pia wanaoisoma kama ruhusa. Basi tutazame vizuri. Katika mstari wa saba mwenye kulia anamwita Bwana akumbuke, ndipo anamgeukia Babeli kwa laana. Katika Zaburi yote hakuna mahali Mungu anapomjibu, "Nenda ukafanye." Naye hajaokota jiwe. Amemwaga hasira yake mbele za Bwana, ambaye kisasi ni chake, kama Paulo anavyofundisha katika Warumi 12:19. Kumwambia Mungu yaliyo moyoni si sawa na kupewa kibali cha kuyatenda.

Tena watu hao hao wa Babeli waliandikiwa barua, nayo iko katika Yeremia 29. Waliambiwa wajenge nyumba, wapande bustani, na wauombee amani mji ule ule waliopelekwa mateka. Hawakuambiwa wasahau kwao. Ahadi ya kurudi imo katika barua hiyo hiyo. Anayesoma Zaburi peke yake atabaki na uchungu. Anayesoma barua peke yake atafunika kidonda kisichooshwa. Tunahitaji zote mbili.

Nchi hii iliyotupokea inajua jambo hili. Mwezi Julai 1996, huko Bugendana, Gitega, zaidi ya watu 300 waliokuwa wamekimbia makwao waliuawa kambini. Askofu Mkuu wa Gitega, Joachim Ruhuna, alikuwa akikemea mauaji ya kila upande. Tarehe 9 Septemba mwaka huo naye aliuawa njiani. Kukataa kisasi hakukumlinda. Kwa hiyo hatuwezi kuwaambia watoto wetu kwamba njia hii haina gharama. Tunawaambia tu kwamba Bwana wetu aliipita kwanza, akawaombea waliomsulubisha.

Yule mtoto tulimjibu hivi: ndiyo, ni Neno la Mungu, kwa sababu Mungu aliruhusu kilio hicho kiandikwe ili nasi tusiogope kumletea chetu.

Wapendwa, wiki hii tuisome Zaburi hiyo mpaka mwisho. Wengi wetu tuna Biblia moja kwa nyumba, na nyingine hazina. Tuazimane, iwe ya Kiswahili au ya Kirundi. Kila mmoja akifika mstari wa tisa asimame, ajiulize ni nani anayemfikiria, na amtaje mtu huyo mbele za Mungu kwa sauti ndogo. Kisha afungue Yeremia 29.

Bwana awabariki na kuwalinda. Amina.