Shingo ya Huku, Mwili wa Kule

Je, ni haki kumdai mwenzako abadilike ili alingane nawe?

Fikirieni nyumba moja ya Garsen. Mke ni Mpokomo aliyelelewa shambani kando ya mto Tana. Mume amelelewa na wafugaji wa Kiorma. Mke akiutazama mto anaona mpunga na migomba, mume anaona mahali pa kunyweshea ng'ombe. Nani amfuate mwenzake?

Tujifunze kwa fundi wa gitaa la umeme. Mwaka 1963, huko Uingereza, kijana Brian May na baba yake walianza kuunda gitaa kwa vitu vya kuokoteza: shingo ilitokana na mbao za meko ya kale, springi zilitoka kwenye pikipiki kuukuu. Gitaa hilo alilipiga miaka mingi katika bendi ya Queen, pamoja na Freddie Mercury, mzaliwa wa Zanzibar. Kumbe vitu visivyofanana vyaweza kutoa sauti moja!

Lakini havilingani vyenyewe. Magitaa mengi ya Fender yana nyuzi za urefu wa milimita 648. Ya Gibson ni karibu 628. Ukiunga shingo ya huku na mwili wa kule, daraja linaloshika nyuzi likakaa mahali pasipo pake, nyuzi zikiachwa wazi zitalia sawasawa. Ukianza kuzibonyeza shingoni, kadiri unavyopanda sauti inazidi kupotoka. Ndivyo ilivyo ndoa: siku ya arusi kila kitu kinalingana; shida ikibonyeza, kasoro husikika.

Fundi asiyejua hushika patasi akaichonga shingo. Fundi mwenye busara hupima, akalisogeza daraja. Daraja la nyumba ni matumizi ya fedha, zamu za kwenda kwa wakwe, lugha ya kusemea na watoto. Hayo sogezeni, tena mara kwa mara. Bali kabila la mwenzako na mama aliyemzaa ni ubao wake, usiuchonge. Na ulevi au kipigo? Hivyo si ubao, ni mchwa. Mchwa huondolewa.

Hata hivyo fundi asiporidhika na kipande hukitupa. Mume au mke si kipuri.

Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013, mapigano ya wakulima na wafugaji katika delta ya Tana yaliua watu zaidi ya 100. Nyakati kama hizo ndugu huvuta kila upande: “Wewe ni wetu au wao?” Shingo ya gitaa nayo huvutwa na nyuzi usiku na mchana, ila ndani yake mna fimbo ya chuma isiyoonekana, inayoizuia isipinde. Fimbo yenu ni neno mlilopeana mbele ya altare. Ndugu waheshimuni, lakini jibuni kwa sauti moja.

Jioni ya leo ulizaneni:
1. Ni jambo gani nimekuwa nikilichonga kwako, ambalo ni ubao wako?
2. Tusogeze nini wiki hii, mimi kidogo na wewe kidogo?