Je, Ni Halali Kugeuza Ugonjwa Kuwa Dawa?

Surua yajulikana sana katika Maniema, na wazazi wengi huiogopa. Katika Kongo nzima, tangu 2019 hadi mwanzo wa 2020, iliua watu zaidi ya 6,000, wengi wao watoto. Lakini mwaka 1971 Bluming na Ziegler, waganga wa hospitali waliofanya kazi Kampala, waliandika habari za mtoto mwenye kansa iitwayo uvimbe wa Burkitt. Mtoto huyo alishikwa na surua, na uvimbe ukanywea kabla hajapewa dawa yo yote.

Hapo mkatekumeni wa Nyangwe aweza kuuliza: Je, kiuacho chaweza kuponya? Na mtu ana ruhusa ya kukigeuza?

Mfano u karibu. Chanjo ya surua, waliyochanjwa watoto wa Kasongo katika miaka ya 1970, ni virusi hai vya surua vilivyodhoofishwa. Kwa virusi vya namna hiyo, vilivyotiwa jeni ya ziada, wataalamu wa Mayo Clinic huko Marekani walimtibu mwanamke mwenye kansa ya uboho; mwaka 2014 walitangaza kwamba kansa yake ilirudi nyuma. Wengine huvipakia virusi jeni iitwayo p53, kama mtumbwi upakiwavyo shehena ya kuvuka Lualaba. Kazi ya jeni hiyo ni kuzuia chembe za mwili zisizaane ovyo, nayo katika kansa nyingi imeharibika. China iliruhusu dawa ya p53 mwaka 2003, ila virusi vyake havizaani. Vinavyozaana huenea zaidi ndani ya uvimbe, na hapo ndipo penye shida.

Kuponya si dhambi. Mungu alimpa mtu akili aitumie. Hati ya Eklezya ya mwaka 2008, *Dignitas Personae*, yafundisha kwamba kutibu jeni za mwili wa mgonjwa ni halali kwa asili yake, mradi mwenyewe akubali akijua. Kugeuza yatakayorithiwa na watoto wake, kwa hali ilivyo, si halali.

Basi mgonjwa aweza kukubali hatari kwa mwili wake. Lakini kinachozaana chaweza kutoka mwilini. Mkewe, mtoto anyonyaye, mwanamke aketiye karibu naye sokoni Nyangwe: hao nani amewauliza? Kusema kwamba watadhurika wachache tu si jibu, kwa maana kila mmoja wa wachache hao ni jirani.

Katika majaribio ya virusi vya surua, mate na mkojo wa wagonjwa vilipimwa, ijulikane kama virusi vimetoka. Kazi hiyo ni ndefu, na mwenye maumivu huona kwamba anacheleweshwa bure. Hata hivyo yampasa kungoja.