Kihisi Hakihisi

Kiswahili kimekipa kile kidude cha kupimia mambo jina zito: kihisi. Yaani kinachohisi. Nimelitafakari sana jina hili hapa Mkonze, ambako maji ni mazungumzo ya kila siku, na swali langu ni hili: hivi kuijua shida ya mtu ni sawa na kuihisi? Na anayejua anadaiwa nini?

Tukifungue kwanza chenyewe. Nodi moja ya mtandao wa vihisi visivyotumia waya ina vitu vinne: kihisi, ubongo mdogo wa kuchakata, redio ya kutuma habari, na betri. Redio ni mlafi wa umeme, kwa hiyo programu za nodi, kama TinyOS iliyozaliwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, huiacha ilale muda mwingi. Inaamka, inapima, inatuma, inalala tena. Haina kinyongo wala huruma.

Sasa twende Kyuso, kaunti ya Kitui nchini Kenya, nchi kame kama huku kwetu. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walijaribu huko vifaa vya jamii hii, vilivyofungwa kwenye mikono ya pampu za visima. Mtu akipampu, kihisi kinahesabu mwendo wa mkono, kisha ujumbe unasafiri kwa mtandao wa simu. Pampu ikinyamaza, ofisini wanaona. Matengenezo yaliyokuwa yakichukua wastani wa siku 27 yakashuka hadi chini ya siku 3.

Hapo wengi watakipigia makofi kifaa. Mimi nasema tusiwe wepesi. Pamoja na kihisi kulikuwa na fundi aliyekuwa tayari kwenda. Mtoe huyo fundi, unabaki na ofisi inayojua kwa usahihi mkubwa kwamba watu hawana maji. Mtaani kwetu bomba limewahi kukauka wiki mbili, na wahusika walipigiwa simu tangu siku ya kwanza. Habari ilifika, fundi hakufika.

Utaniambia, angalau kihisi kinaondoa kisingizio cha "hatukujua". Kweli, na hilo si dogo. Ila ukimya wa pampu unahitaji tafsiri. Mvua zikinyesha watu hukinga maji ya paa, na pampu inatulia bila kuharibika. Basi lazima mtu akae aamue: ukimya wa saa kadhaa ni shida, chini ya hapo si shida. Namba hiyo inaonekana ya kihandisi tu, kumbe ni hukumu: kiu ya nani ivumiliwe, na kwa muda gani. Na mara nyingi anayeiandika ana maji nyumbani kwake. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, hata akiwa na takwimu.

Kwa maoni yangu, asiyejua anaweza kuwa na udhuru. Aliyefunga kihisi kwenye kisima cha watu amejivua udhuru huo kwa mkono wake mwenyewe. Ametoa ahadi, hata kama hakuitamka. Kwa hiyo siku wakija kufunga kimoja mtaani kwetu, sitauliza betri inadumu miaka mingapi. Nitauliza: usiku kikiita, nani ataamka?